Rafu ya Vyuma vya Vitanda na Vioo vya Parokia

Tangu nirudishe funguo za maabara, mikono yangu haijui pa kukaa. Kwa zaidi ya miaka thelathini kila asubuhi ilikuwa na chupa ya kushika. Siku hizi inashika kikombe cha chai tu, kitu kisichohitaji lebo. Basi nimeipa kalamu, niwaandikie ninyi mliobaki kazini, mafundi wa maabara za shule huku Kasese na Bwera, hasa mlioajiriwa juzi na bado mnaogopa asidi. Endeleeni kuiogopa. Kuhusu vyeo na mishahara sitaandika. Vyeo sikuviona vingi, na mshahara ulipita mikononi mwangu kwa haraka kiasi kwamba hatukupata kufahamiana.

Jina langu Nanjala. Baba yangu alitoka Kenya, upande wa Bungoma, akaja kuwa fundi mitambo katika machimbo ya shaba. Nilizaliwa Bulembia, kwenye nyumba za wafanyakazi, ambako ukuta mmoja ulitenganisha familia mbili na makabila matatu. Ndiyo maana kwetu Kiswahili kilikuwa lugha ya jikoni, wakati kwa majirani wengi kilikuwa lugha ya kuamrishwa na askari. Baba alitaka niwe muuguzi. Mimi nilipenda vitu vinavyobadilika rangi.

Siku yangu ya kwanza kazini ilikuwa katika shule moja ya Kasese mjini, chini ya Mzee Baluku, fundi wa maabara mfupi, mwenye koti jeupe lililotobolewa na asidi hata likafanana na kichungi. Aliniambia nimpe chupa iliyokuwa mezani. Nikaichukua, nikampa. Hakuipokea.

"Umeshika vibaya," akasema. "Lebo iangalie kiganja. Tone ikiteremka, iteremke upande ingine. Lebo ikiungua, chupa inabaki mgeni hana jina. Wewe unaweza kulala nyumba moja na mgeni hana jina?"

Nikasema hapana.

"Basi irudishe, ushike tena."

Niliirudisha na kuishika tena mara saba. Mchana akanipeleka stoo ya kemikali. Nilitaka kuingia moja kwa moja, akanivuta mkono. "Simama mlangoni kwanza. Vuta pumzi tatu, pole pole. Angalia. Kama ndani kuna shida, stoo itakwambia kabla hujaweka mguu." Niliona ni uzee tu. Lakini alikuwa mkubwa wangu, nikasimama, nikavuta pumzi tatu, na mazoea yakanishika. Hata leo nikifika jikoni kwangu nasimama mlangoni. Wajukuu wanadhani nasali.

Baada ya miaka mingi nikahamishiwa shule ya sekondari huko Bwera, karibu na mpaka wa Kongo. Maabara ilikuwa na meza nzuri, mabomba mawili yanayotoa maji na matatu yanayotoa sauti. Stoo ilikuwa na rafu za mbao zilizofika hadi dari. Nilipozigonga kwa kidole zilijibu kama ngoma. Mchwa walikuwa ndani. Nilizipaka oili chafu ya magari, nikazipaka dawa, nikabadilisha ubao huu na ule. Kwa kweli nilikuwa nawapikia. Kila ubao mpya niliouweka, waliushukuru na kuumaliza.

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili na kumi. Asubuhi moja ya Jumatatu, kabla ya gwaride la bendera, nilifungua mlango wa stoo, nikasimama, nikavuta pumzi. Ya kwanza ilitosha. Ilinichoma pua hadi machozi yakatoka. Ndani, rafu ya ukuta mrefu ilikuwa imelala kifudifudi sakafuni, na chini yake chupa zimepasuka, asidi inatoa moshi mweupe na saruji inachemka kama uji. Kama ningeingia kwa mbio, ningekanyaga katikati yake.

Nilifunga mlango nikakimbilia jikoni kwa Masika, mpishi wa shule. "Nipe majivu!"

"Majivu ya nini, Madamu?"

"Yote uliyo nayo!"

Masika hakuuliza tena. Tulibeba madebe manne ya majivu ya kuni, nikajifunga kitambaa chenye maji puani, nikafungua madirisha kutoka nje, na tukamwaga majivu kwa koleo kuanzia mlangoni hadi pale palipokuwa pakichemka. Majivu huipooza asidi; hilo liko kwenye vitabu, ila vitabu havisemi uwe na urafiki na mpishi. Nawaambia mimi: uwe nao. Hakuna aliyeumia. Mimi nilipoteza viatu, na usingizi wa wiki nzima.

Kisha akaja mkaguzi. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, mwenye tochi ndogo mfukoni. Aliitazama stoo, akatazama mabaki ya rafu, akaubonyeza ubao mmoja kwa kidole gumba na kidole kikazama.

"Mtihani wa vitendo wa kemia hautafanyika hapa," akasema. "Nitarudi muhula ujao. Nikikuta kemikali zimewekwa mahali salama, nitaandika vingine. La sivyo, watahiniwa wataenda kufanyia Kasese."

Watahiniwa wetu walikuwa thelathini na wanane. Kutoka Bwera hadi Kasese mjini si mbali kwa mtu mwenye gari. Kwa mtoto ambaye mzazi wake anauza mihogo sokoni, ni mbali sana, na mtihani unaanza asubuhi. Nilijua kitakachotokea kwa sababu nilikwisha kukiona kwingine: wengine wangechelewa, wengine wangeacha kemia kimya kimya na kusema hawakuipenda tangu mwanzo. Miongoni mwao walikuwamo wasichana kumi na mmoja waliotaka kuwa wauguzi. Baba yangu angewapenda.

Mwalimu mkuu wetu, Bwana Muhindo, alikuwa mtu mwema mwenye shule maskini. Aliniita ofisini, akavua miwani.

"Madamu, seremala anasema anaweza kutengeneza ingine."

"Ya mbao?"

"Ya mbao."

"Hiyo itakuwa chakula, bwana mkuu. Mimi nimechoka kulisha mchwa."

"Basi chuma."

"Chuma kitaliwa na asidi. Tone moja kila wiki, na mvuke kila siku. Miaka mitatu tu, kitakuwa unga wa kutu."

"Basi nini? Kioo?"

"Kioo hakiliwi na kitu. Lakini hapa ardhi inatetemeka."

Akavaa miwani tena, akanitazama. "Madamu Nanjala, kila kitu unasema iko na adui yake. Na pesa hakuna hata ya kununua adui."

Nilitoka ofisini nimekasirika, nikazunguka nyuma ya jikoni ili nisionekane. Nyuma ya jikoni ndipo vilipotupwa vitanda vya bweni vilivyovunjika, vile vya ghorofa, vya chuma. Nilikuwa nimevipita kwa miaka. Siku ile niliviona. Vilikuwa vyuma vya pembe, vile ambavyo ukivitazama kwa mwisho wake vina umbo la herufi L, vinene, vya zamani, vyenye kutu juu lakini vizima ndani. Nikachukua jiwe nikakigonga kimoja. Kililia kama kengele. Nikacheka peke yangu, na Masika akachungulia dirishani kuona kama ule moshi wa asidi ulinifika kichwani.

Sura ilinijia pale pale. Fremu ya chuma, iliyopakwa rangi vizuri, na juu yake vipande vya kioo ambavyo ndivyo vitakavyobeba chupa. Tone likidondoka, linadondokea kioo. Mchwa wakija, wanakuta chuma. Adui mmoja mmoja kwa zamu yake. Likabaki tetemeko, na hilo nikaliweka kando nilifikirie kesho.

Vioo nilivipata parokiani. Padre alikuwa anaondoa madirisha ya luva katika ukumbi wa zamani, yale yenye vipande virefu vya kioo vinavyofunguka na kufungwa kama magamba ya samaki. Kioo cha luva ni kinene na kingo zake ndefu zimeshasagwa, hazikati mtu. Nilimwomba. Akaniuliza kama mimi ni Mkatoliki. Nikamwambia ukweli kwamba mimi ni Mprotestanti. Akafikiri kidogo, akasema, "Kioo hakina dhehebu," na akanipa vipande sitini, nikavibeba kwa mafungu nimevizungushia majani ya migomba.

Mchomeleaji alikuwa Kakule. Alitoka upande wa Butembo, Kongo, akavuka mpaka na familia yake wakati wa vita, akafungua karakana ya bati njiani kuelekea Mpondwe. Alitengeneza mageti, majiko na vitanda. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na vidole vinne, na hakuna aliyewahi kusikia habari ya cha tano. Alizunguka lundo langu la vyuma mara mbili.

"Mama, ile mutu alitengeneza hii vitanda alikuwa fundi. Chuma iko muzuri. Unataka nini?"

Nikamchorea kwa chaki sakafuni. Fremu, ngazi nne, vioo juu. Akachuchumaa, akatazama mchoro kwa muda mrefu.

"Chupa beko ngapi?"

"Mia moja na zaidi. Nyingine zina lita mbili na nusu."

"Aa. Tutajaribu. Lakini nakuambia mbele, mama: kioo na chuma ni kama bwana na bibi. Bila kitu ya pole katikati, watavunjana."

Sikumsikiliza. Nilikuwa na haraka, na nilikuwa na elimu. Nikamwambia aweke kioo moja kwa moja juu ya chuma, kitatulia. Akainua mabega, akafanya nilivyotaka. Baba alikuwa ameniachia msumeno wa chuma na tupa tatu, kwa hiyo kwa wiki mbili, kila nilipomaliza vipindi, nilikwenda karakanani nikakata na kupiga msasa huku Kakule akichomelea. Umeme ulipokatika tulikaa tukala karanga. Tulijaribu ngazi ya kwanza kwa chupa zilizojaa maji. Nilipoweka ya sita, kioo kilisema *ta!* na kikagawanyika mara mbili. Maji yakanilowesha hadi magotini.

Kakule hakucheka. Aliinama, akapitisha kidole juu ya chuma, akanishika mkono na kukipitisha kidole changu pale pale. Palikuwa na kidonge kidogo cha chuma kilichoyeyuka na kuganda wakati wa kuchomelea, kidogo kuliko punje ya mtama. Uzito wote wa chupa sita ulikuwa umekaa juu ya punje ile.

"Sasa unaona," akasema. "Kioo haipasuke sababu ya uzito. Inapasuka juu ya kitu kidogo chini yake."

Tulisawazisha kila chuma kwa tupa hadi kidole kikapita bila kukwama. Kisha Kakule akakata tyubu za baiskeli zilizochakaa kuwa kanda, akazigandisha juu ya chuma chote ambapo kioo kingekaa. Kioo kikalala juu ya mpira kama mtoto mgongoni. Na hapo ndipo nililifikiria lile nililoliweka kando. Mpira chini ya kioo. Mpira mwingine nyuma, kati ya fremu na ukuta. Na mbele ya kila ngazi, ukingo wa chuma bapa wenye kimo cha vidole vitatu, nao ukavishwa mpira kwa ndani, ili chupa ikitembea iishie pale.

Nilikuwa nimepima ukuta wa stoo mara nne. Mlango wa stoo sikuupima hata mara moja. Siku ya kuileta, wanaume sita waliibeba rafu kutoka karakanani, watu wakatoka madukani kutazama, na ikafika mlangoni ikakataa kuingia. Tuliigeuza, tukailaza, tukaisimamisha. Bwana Muhindo alitoka ofisini, akatazama, akarudi ndani, jambo lililoniuma kuliko matusi. Kakule akachukua msumeno, akaikata katikati mbele ya macho yangu, vipande viwili. Tukaviingiza, akatoboa matundu na kuviunga ndani kwa bolti. Tukaipima usawa kwa mpira wa maji wa bustani unaopitisha mwanga, maji yakasimama kimo kimoja kushoto na kulia. Tukaifunga ukutani. Nikaipaka rangi ya kuzuia kutu mara mbili na rangi ya mafuta mara tatu, ya kijani, kwa sababu ndiyo iliyobaki baada ya kupaka lango la shule.

Asidi nikaziweka ngazi ya chini kabisa, chini ya goti. Chumvi za kemikali juu. Kisha nikafanya jambo ambalo hata Kakule aliliona la kichaa: kila chupa nikaizungushia alama ya chaki juu ya kioo, ili nijue mahali pake.

Mkaguzi alitarajiwa Alhamisi. Jumanne, saa nne asubuhi, kidato cha nne walikuwa maabara nami nikiwagawia mirija. Kwanza niliona maji katika bika la kioo mezani yakichora duara. Halafu madirisha yakaanza kugonga, halafu sakafu ikavutwa chini ya miguu yetu kama mkeka.

"Nje! Acheni kila kitu! Nje!"

Walitoka wote, nikawahesabu kiwanjani, thelathini na wanane. Ardhi ilitikisika tena, ikatulia. Kutoka chumba cha walimu tulisikia kishindo kirefu. Kabati la vikombe vya michezo lilikuwa limeanguka, na kikombe pekee tulichowahi kushinda kilibingirika hadi varandani. Halafu kimya. Watoto wote wakanigeukia. Walijua nini kiko ndani ya stoo.

Bwana Muhindo akaja mbio, tai begani. "Madamu, vioo?"

"Sijui, bwana mkuu."

Tulikwenda pamoja. Nilifungua mlango, nikasimama. Pumzi ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Sikusikia harufu yoyote ila ya rangi ya mafuta. Nikawasha taa.

Rafu ilikuwa imesimama. Chupa zilikuwa zimetembea, zote, kutoka kwenye miduara yake ya chaki, na kuegemea ule ukingo wa mbele, mabega kwa mabega, kama watu waliosukumwa kwenye foleni. Hakuna iliyovuka. Nilichukua tochi nikapiga magoti, nikakagua kioo baada ya kioo, hadi cha mwisho. Hakuna hata kimoja kilichokuwa na ufa.

Nilipogeuka, Bwana Muhindo alikuwa amekaa kwenye kigoda, anacheka bila sauti huku machozi yakimtoka. "Vitanda," akasema. "Vitanda yangu mbovu!" Nikatoka nje nikainua mikono miwili juu. Watoto wakapiga kelele ambayo nadhani ilisikika Kongo.

Bwana Muhindo alitaka chupa zirudishwe mahali pake, stoo ipendeze mbele ya mgeni. Nilikataa. Alhamisi mkaguzi alikuta kila kitu kama tetemeko lilivyokiacha. Aliishika fremu kwa mikono miwili akaitikisa. Akaingiza tochi chini ya kioo, akaona mpira. Kisha mwanga ukafika kwenye duara la chaki lililokuwa tupu, ukahamia kwenye chupa iliyoegemea ukingoni, ukarudi kwenye duara. Akapima umbali ule kwa vidole vyake, akapima na pale pengine.

"Hii ni ya Jumanne?" akauliza.

"Ya Jumanne, bwana."

"Ofisini kwetu limeanguka kabati la mafaili." "Nani alichora hii rafu?"

"Mimi na mchomeleaji."

Akatoa kalamu, akaweka karatasi yake juu ya goti, akatia sahihi pale pale, amesimama kwa mguu mmoja kama korongo. Watahiniwa wote thelathini na wanane walifanya mtihani wao katika maabara yao, wakaenda nyumbani kula chakula cha mchana.

Habari zikasambaa. Baada ya miezi michache yule mkaguzi alirudi na walimu wa shule nyingine, wakiwa na kamba za kupimia. Niliwaambia wote jambo moja kabla ya mengine: pimeni mlango. Mimi na Kakule tulijenga rafu saba katika miaka iliyofuata, kila moja kwa vitu vilivyotupwa: vitanda, fremu za mabango, vioo vya zahanati ya zamani. Hakuna hata moja iliyoanguka, na ardhi yetu imejaribu, mnaijua.

Ya saba tuliijenga katika shule moja ya Bugoye, bonde la Mubuku. Zilikuwa zimebaki wiki chache nistaafu. Ilipobaki kona moja ya mwisho kuungwa, Kakule alivua miwani yake myeusi akanivisha, akanipa kishikio cha kuchomelea.

"Kamata, mama."

"Kakule, mimi sijawahi."

"Miaka yote unasimama pembeni unaniambia pale na pale. Leo ni weye."

Nilipogusa chuma, mwanga ulilipuka nikaruka nyuma. Nikagusa tena. Moto ukaenda ulikotaka, lakini sikuacha hadi chuma kikakutana na chuma. Kakule alisubiri kipoe, akachukua nyundo, akaipiga ile kona mara mbili kwa nguvu zake zote. Akainama, akaitazama.

"Kwa macho iko mubaya," akasema. "Lakini imeshika."

Atakayepangiwa kazi Bugoye, siku ya kwanza alale chali sakafuni katika stoo ya kemikali atazame kona ya nyuma, chini, upande wa kushoto. Ataona kiungo kilichojaa mabonge kama mavi ya mbuzi. Nilikifanya mimi, nikiwa na umri wa miaka hamsini na tisa. Asikiguse kwa tupa.